Sauti ya Bi Kasuku

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka hoi. Kutwa nzima kuimba vibaya! Mtu akikuambia kuimba vibaya ni rahisi, mwambie aje akae kwenye ile veranda ya mbao, taa zinamchoma utosi, wigi linamuwasha, aimbe ubeti mmoja uleule tangu asubuhi hadi alasiri. Na auharibu vilevile kila mara.

Hapo ndipo watu hawaelewi. Ukiharibu ovyo ovyo haifai. Wanapiga picha kutoka mbele, halafu ubavuni, halafu uso tu, kisha mhariri anaunganisha vipande. Mara hii nikishuka kidogo chini ya noti na mara ijayo nikashuka sana, vipande haviungani. Kwa hiyo lazima nipotee kwa kipimo. Kiasi chembamba tu chini ya noti, kama mlango uliorudishwa bila kufungwa. Palepale, siku zote. Mwaka wa pili sasa. Mhariri akiniona ananisifu: eti hajapata kuona mtu anayekosea kwa uhakika kama mimi. Sifa gani hizo jamani!

Ndiye Bi Kasuku huyo ninayemwigiza kwenye tamthilia ya TV, mama mwenye nyumba anayedhani anajua kuimba. Akifungua mdomo, wapangaji wanafunga madirisha. Watu huko majumbani wanavunjika mbavu. Na mimi nimeimba kwenye bendi tangu sijaolewa!

Njiani kurudi, watoto wa shule wakanizingira: Bi Kasuku, tuimbie! Nimepita uso mkavu. Nyumbani namkuta Mama — mama mkwe wangu, tunaishi naye — anaangalia marudio, anafuta machozi kwa kicheko. Akasema, mwanangu, huko kwenye TV unaimba vizuri kuliko kwenye bendi. Utani wake huo. Leo sikuucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Afadhali leo! Kiongozi amekubali. (Kiongozi wa bendi, mpiga kinanda. Hata mkewe humwita Kiongozi.) Jumamosi ya wiki ijayo tunaingia studio kurekodi wimbo wangu. WANGU. Miaka yote hii nimeimba nyimbo za wengine, harusi za wengine, leo zamu yangu imefika.

Unaitwa "Ni Mimi." Niliutunga nikiosha vyombo. Hauna mambo mengi: mtu amefika mlangoni, anabisha, anaulizwa nani huyo, anajibu. Mwisho wa kiitikio sauti inapanda, inapanda, inakaa juu kabisa kwenye "mimi" — na hapo ala zote zinanyamaza. Sauti peke yake. Hiyo noti ndiyo wimbo wenyewe. Ukiitoa hiyo, yaliyobaki ni kelele za vyombo.

Kiongozi haupendi huo ukimya. Anasema wasikilizaji watadhani umeme umekatika. Mume wangu akanitetea. Yeye ndiye mpiga besi wetu, na tangu tupate mapacha hakuna anayemwita kwa jina lake, ni Baba Mapacha tu. Akasema, muacheni, wimbo ni wake, anyamazishe hata mvua.

Yeye mwenyewe katoka jana kwenye video ya vijana fulani. Walimshikisha tarumbeta! Hajui hata inapulizwa upande gani. Wakampaka mafuta ang'ae, wakamwambia apulize mashavu. Anasema nyumba hii tunakula kwa kufanya tusichojua na kuharibu tunachojua. Tumecheka sana.

Tulipomaliza mazoezi aliniuliza kama nililala vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniangalia kidogo, akaendelea kukunja waya wake.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu.

Ukumbi umejaa, maharusi wameketi, mimi nimevaa gauni langu la bluu. Nimeanza wimbo wa taratibu, wa heshima, wa wazee kufuta machozi. Meza ya mbele wakaanza kucheka. Ya pili ikadakia. Nikadhani gauni limechanika! Kumbe wanasubiri nipotee. Kila nikipanda, wanashika mbavu kabla sijafika. Kijana mmoja akaziba masikio kama wapangaji wa kwenye TV, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nimeimba vizuri. Naapa nimeimba vizuri. Na walicheka!

Kiongozi akanisogelea kati ya nyimbo. Wape Bi Kasuku kidogo, dada yangu, wageni ndio wanavyotaka. Nikamwambia Bi Kasuku ameshinda huko nyumbani kwake, hapa nimekuja mimi. Akasema baba wa bwana harusi ameomba mwenyewe. Basi nikawapa. Ubeti mmoja. Palepale, kiasi kilekile. Waliruka hadi juu ya viti.

Bibi harusi alikuja kunikumbatia akilia kwa furaha. Nilimpongeza. Hakuwa na kosa lolote, maskini.

Jumatano, 12 Machi

Siamini! Ngoja niandike kabla haijapoa.

Dairekta wa tamthilia ameniita chumba cha mavazi, kafunga mlango. Nikajua naachishwa. Kumbe hapana. Sehemu ya mwisho ya msimu huu Bi Kasuku ataimba VIZURI. Eti muda wote alikuwa anaona aibu, anajificha kwenye mzaha, na siku hiyo anasahau kujificha. Wapangaji wanafungua madirisha badala ya kuyafunga. Fundi viatu wa chumba cha mwisho anatoka nje anauliza, "Nani huyo?" — maana hajatambua kama ni yeye.

Nikasimama. Nikasema, ninao wimbo. Nikamwekea kipande cha mazoezi kwenye simu, kelele tupu, mtoto wa jirani wa Kiongozi analia nyuma. Dairekta akafumba macho. Kilipofika pale mtu anapobisha na kuulizwa nani huyo, akafumbua. Akasema huu huu. Na bendi yenu mtapiga wenyewe, mtaonekana wote.

Sote! Kwenye TV! Na sauti yangu, ya kweli!

Nimefika nyumbani nimewabeba mapacha wote wawili kwa mpigo, wakati wana miaka tisa na miguu inaburura chini. Mama akauliza nimeokota nini. Baba Mapacha amefurahi. Amefurahi, lakini akaenda kukaa nje peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema joto.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ala zilikwenda vizuri. Besi, ngoma, kinanda, kila mtu safi. Nikaingia kwenye kile kichumba cha sauti, nikavaa hedifoni, nikaimba. Beti zimekaa. Kiitikio kinapanda. Ala zikanyamaza, nikaachia "mimi."

Nikawaona nyuma ya kioo wanatazamana.

Kiongozi akasema turudie. Tukarudia. Turudie tena. Nikasema hedifoni hizi mbovu, wakanipa nyingine. Nikasema baridi ya kiyoyozi, wakakizima. Nikanywa maji ya moto. Turudie. Mwishowe nikatoka, nikasema hebu nisikie mwenyewe, mbona mnanitazama kama mgonjwa?

Wakaniwekea.

Ni ile. Ile ile ya Bi Kasuku. Kiasi chembamba chini ya noti, palepale. Si sauti iliyochoka. Ukichoka unayumba, mara chini mara juu. Hii haikuyumba hata mara moja. Imesimama imara mahali si pake! Na nilipokuwa ndani naimba niliisikia SAWA. Ndicho kinachonitisha. Sikio langu lilisema hapo ndipo nyumbani.

Fundi wa studio akasema si neno, kompyuta itainyanyua, dakika moja tu. Nikamwambia akiigusa namvunjia hiyo kompyuta. Akatoa mikono kwenye meza.

Kwenye gari nikamgeukia Baba Mapacha. Nikamuuliza, umeisikia leo? Akasema ameanza kuisikia zamani. Jikoni, nikiosha vyombo. Kwenye mazoezi. Wiki kadhaa! Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Eti alidhani uchovu. Eti hakutaka kunivunja moyo, nimefurahi vile.

Aliniacha nitembee uchi barabarani kwa sababu nimefurahi! Nimemwambia asinisemeshe. Hajanisemesha.

Jumapili, 16 Machi

Kimya nyumba nzima. Mama kauliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimekaa na kinanda kidogo cha mapacha, kile cha plastiki, naifukuzia hiyo noti. Nikibonyeza kwanza halafu nikaimba, naipata. Nikiiacha dakika chache, nikazungukazunguka, nikarudi kuimba bila kubonyeza — chini. Nabonyeza kuhakikisha: chini. Nimelia kwa hasira. Nilikaribia kukitupa kwenye beseni.

Pacha mkubwa akachungulia. Mama, unafanya ya TV? Hapana, nafanya ya kweli. Akafikiri. Akasema, mbona zinafanana?

Mtoto hana kosa. Nilimtuma dukani nipate kupumua.

Jioni Baba Mapacha akaja na besi yake bila spika, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Hakuomba msamaha moja kwa moja, si mtu wa hivyo. Akasema tu kwamba aliogopa. Siku ile alipoisikia mara ya kwanza mimi nilikuwa naimba kwa raha, na hakujua atawezaje kuwa mtu wa kunitoa kwenye ile raha. Nikamwambia, bora ungenitoa wewe kuliko kioo cha studio. Akasema kweli. Nimekosa.

Basi akaanza kupiga. Besi ya umeme bila umeme inanong'ona tu, lazima uikaribie. Nikasogeza kiti. Akanipa noti, nikaishika. Akaondoa kidole, nikabaki juu yake. Nikabaki! Tukarudia mara mbili. Ya tatu nikateleza. Ya nne nikabaki.

Haijapotea basi. Ipo mahali fulani.

Alhamisi, 20 Machi

Damu inanichemka.

Dairekta kapiga simu. Sauti tamu kupita kiasi, nikajua kuna jambo. Wimbo umepita! Mabosi wa kituo wameupenda! Bendi imepita! Mambo mazuri sana! Isipokuwa sauti tutaweka ya Asali.

Asali ni yule binti ambaye nyimbo zake zinapigwa kila kona, hata kwenye matangazo ya sabuni. Ataurekodi yeye. Mimi nitasimama pale kwenye veranda nifungue na kufunga mdomo.

Nikasema lakini maana yote ya kipindi ni Bi Kasuku ameipata sauti yake! Akasema ndiyo, na tunataka iwe nzuri. Nikauliza nani amesema yangu si nzuri? Akasema aliletewa rekodi ya studio ya Jumamosi. Ameisikia hadi mwisho. Akasema, mama, mimi nakuheshimu.

Aliletewa! Na nani? Na Kiongozi. Nimempigia saa ileile. Hakukana. Amesema alituma ili waone ala zilivyokaa, bendi isije ikabadilishwa. Alidhani hawatajali ile noti moja. Noti moja! Nimemwambia miaka yote nimekaa mbele ya bendi yako, na siku ya kwanza unanipeleka kwa watu unanipeleka nikiwa nimeanguka. Akasema samahani dada. Nikakata.

Baba Mapacha anasema nikubali. Utunzi ni wangu, jina langu litaandikwa. Tena nikikataa mimi, bendi yote inatoka. Najua. Ndiyo maana nina hasira, ningekuwa sijui ningelala.

Nimekubali.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda studio kumfundisha Asali. Nilijiandaa kumchukia. Njiani nimepanga hadi sura ya kumtazamia.

Kaja peke yake, kavaa ndala, kanishika mkono kwa mikono miwili. Shikamoo, mama. Eti mama yake alinisikia ukumbini zamani, kabla Asali hajazaliwa, na bado ananitaja. Hakunitaja Bi Kasuku hata mara moja! Utamchukiaje mtu wa hivyo? Nimejaribu, nimeshindwa.

Na anaimba. Bwana wee, anaimba. Safi, kavu, hana madoido. Alipofika mwisho akasimama, akasema hapa sijaelewa, mama. Nikae na sauti nzima au niiachie taratibu? Hebu nionyeshe.

Wote wakanigeukia.

Nikamwonyesha kwa mkono. Kwa mkono! Nimenyanyua kiganja hewani kama naweka sahani kwenye kabati, nikakishikilia, nikakishusha. Nikasema, hivyo. Akaitikia kwa adabu. Akaimba sawasawa na kiganja changu.

Mwoga mkubwa mimi. Nimejifungia kwenye choo cha studio nikajitukana kwenye kioo.

Jumatatu, 24 Machi

Mazoezi ya mdomo. Nimeusikiliza wimbo wangu kwa sauti ya Asali siku nzima. Tatizo ni pumzi. Yeye ana mapafu ya ujana, anavuta pumzi mahali ambapo mimi naendelea, anaendelea mahali ambapo mimi navuta. Kifua changu kinanisaliti. Naiga hata anavyovuta hewa! Kwenye wimbo nilioutunga kwa pumzi zangu!

Mama alikuwa mlangoni, sikumwona. Akaniacha nimalize. Akauliza, hii ni sauti ya nani? Nikamweleza yote. Alikaa kitako kitandani. Hakutania. Akasema, na wewe umekubali wakuvalishe sauti ya mtu kama wigi?

Nikamwambia Mama, naomba uniache. Akaniacha. Lakini akaenda kuzima TV, na ilikuwa saa ya kipindi chetu.

Kabla ya kulala nimejaribu ile noti mara moja, pole pole, bila kinanda. Kisha nikabonyeza. Ilikuwa sawa. Nikajaribu tena. Chini. Nimelala.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha mekapu, dada wa mekapu amekwenda kutafuta poda. Nina dakika chache. Naandika haraka.

Tumeanza asubuhi. Veranda ileile, madirisha yaleyale. Bendi yetu imepangwa pembeni, wote wamevaa mashati mapya. Hakuna ala inayotoa sauti: ngoma zimefunikwa blanketi, kinanda hakina umeme, besi ya Baba Mapacha haina waya. Wimbo unatoka kwenye spika kubwa, sisi tunaigiza. Kiongozi hanitazami usoni. Ameniletea chai mwenyewe, akaiweka, akaondoka. Nimeinywa.

Mara ya kwanza dairekta akasimamisha. Mdomo uko sawa, kasema, lakini shingo imelala. Mtu anayeimba kweli shingo inafanya kazi. Imba, mama, imba kwa sauti chini ya spika, hakuna atakayekusikia. Nikaimba. Spika inanifunika. Mimi na Asali tumeimba pamoja wimbo mzima na hata mimi sikujisikia.

Sasa wanakuja kwenye kipande cha mwisho. Fundi viatu anatoka chumbani kwake anasema, "Nani huyo?" Ni lazima sauti yake inaswe hapohapo, kwa hiyo spika itazimwa kabla hajasema, na haitawashwa tena. Mimi nitaendelea kufungua mdomo kwenye ukimya. Sauti ya Asali itapachikwa baadaye na mhariri. Dairekta amerudia mara kadhaa: hapo kimya kabisa, mama, maiki iko wazi juu yako, hata kikohozi kitaingia.

Maiki itakuwa wazi. Ala zimenyamaza. Mtu ameuliza nani huyo.

Sikulala na wazo hili, nimelipata hapahapa kwenye kiti. Baba Mapacha kalisoma usoni mwangu. Amekuja amechuchumaa karibu na kioo kama anafunga kamba ya kiatu. Ametaka kujua kama nitaiimba noti kwa sauti yangu hapo kwenye ukimya. Akanong'ona: simama karibu na kiti changu. Nitaigusa kidogo tu, bila waya maiki haitainasa, wewe utaisikia. Nitakupa noti.

Nimetamani kukubali. Mungu anajua nimetamani.

Nimemwambia usinipe. Akauliza, na ukiteleza? Mbele ya watu wote hawa? Watasema Bi Kasuku hajakutoka, watacheka, na dairekta atakuwa na haki ya kukufukuza. Nikamwambia, nikiteleza niteleze mwenyewe. Nimechoka kukosea kwa niaba ya mtu na kupatia kwa niaba ya mtu.

Halafu kainuka. Namwona kwenye kioo sasa hivi: ameshika kile kiti chake, anakisogeza mbali na alama ya chaki nitakaposimama. Anakisogeza hadi ukutani. Besi ameiweka mapajani, viganja viwili bapa juu ya nyuzi.

Dada wa mekapu karudi. Anasema nisimeze mate, rangi ya mdomo itaharibika.

Wananiita. Nakuja jamani, nakuja!